Ng'ombe Juu ya Duara

Mchoro ulinifikia kwa WhatsApp usiku ambao stima ilikuwa imepotea Kapsokwony nzima, kwa hivyo niliutazama gizani, simu ikiwa ndiyo taa pekee chumbani. Ilikuwa rasimu ya mchoro wa ukutani. Shirika moja, ambalo nitaliacha bila jina, lilikuwa limepata ukuta mrefu kando ya barabara, rangi, mchoraji mmoja wa kulipwa na vijana kumi wa kujitolea wa kumsaidia. Kilichobaki ni mtu wa kuandika maneno mia moja na hamsini ya kubandikwa pembeni, kuhusu historia yetu yenye matabaka mengi, tamaduni zetu na umoja wetu. "Wewe ndo mwandishi wetu," ujumbe ulisema.

Juu kabisa kuna mlima, na tembo anayeingia pangoni kutafuta chumvi, jambo ambalo tembo wa Elgon hulifanya kweli katika pango la Kitum. Chini ya mlima, kutoka kushoto kwenda kulia, ni watu. Mzee wa Kiogiek na mzinga wake wa nyuki. Mzee wa Kisabaoti na ngao. Kijana wa Kibukusu anayeelekea jandoni, chinyimba mikononi, unaweza karibu kuzisikia zikilia. Wateso watatu wamezunguka chungu cha ajon, kila mmoja na mrija wake mrefu. Halafu mama mwenye kikapu cha majani chai, mwanariadha aliyevaa rangi za bendera, na mtoto wa shule ameinua kitabu. Wote wanatabasamu. Wote wanatutazama sisi tunaopita barabarani. Hakuna hata mmoja anayemtazama jirani yake.

Nilijibu kwamba ni kazi safi, nikakubali kuandika, kisha nikakaa wiki mbili bila kuandika neno. Katikati ya hizo wiki waliniuliza kama wanaweza kuweka "mwanahistoria" chini ya jina langu. Niliwaeleza kwamba historia niliisoma chuoni miaka miwili tu, nikaacha karo iliposhinda watu wa nyumbani. Wakasema hakuna shida, wataandika "mwanahistoria wa jamii".

Kilichonikwamisha ni kwamba mchoro wenyewe ni mzuri. Mchoraji ana mkono. Ni kijana wa upande wa Chwele anayejulikana kwa kuchora mabango ya hoteli na migongo ya matatu, na anajua kitu ambacho wasanii wengi waliosoma hawajui: mchoro wa barabarani unasomwa na mtu anayetembea, kwa hivyo sura lazima ziwe kubwa na mistari iwe mizito. Sikuwa na la kulaumu mkononi mwake. Na bado kila nilipoandika "matabaka", nilitazama tena picha nikaona safu. Watu wamepangwa bega kwa bega kama wanaosubiri kupigwa picha ya pasipoti. Tabaka ni kitu kingine. Tabaka liko juu ya lingine, na la chini linabeba uzito.

Nikikwama hivyo huwa natafuta kazi nyingine ya aina hiyohiyo iliyofanywa vizuri zaidi, niilinganishe. Na katika pande zetu hizi, picha kubwa iliyochorwa na mikono mingi, ya jamii mbalimbali, juu ya uso mmoja, iko Kakapel.

Kutoka hapa unashuka na Probox hadi Kimilili, unapanda matatu ya Bungoma, kisha ya kwenda Malaba, na mwisho boda. Gari la kwanza watu waliongea Kisabaoti, la pili Kibukusu, na yule wa boda alinisalimia kwa Kiteso kabla ya kuona nimekwama akahamia Kiswahili. Kakapel iko kwenye vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini, kaunti ya Busia. Serikali iliutangaza mwamba huo kuwa kumbukumbu ya kitaifa mwaka 2004, na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndiyo yanayoutunza. Jiwe limejikunja kwa juu kama paa la kibanda, likaacha ukuta ambao mvua haiufikii vizuri. Hapo ndipo picha zilipo.

Niseme ukweli: dakika za kwanza sikuona kitu. Nilitarajia niingie nione, kama mtu anayefungua kitabu. Badala yake ni madoa, nyekundu na nyeupe, na macho yanahitaji muda. Kisha duara likatokea, na ndani yake duara lingine, na lingine. Kisha mistari. Kisha, bila onyo, ng'ombe. Ukishamwona ng'ombe mmoja, wengine wanajitokeza wenyewe, na unashangaa ulikuwa unatazama nini wakati wote.

Watafiti wanatofautisha mikono ya aina tatu pale. Ya kwanza ni ya maduara na mistari, na inahusishwa na wawindaji waliokuwa hapa kabla yetu sote, watu wa jamii ya Batwa. Maduara ya aina hiyo yako pia Nyero, karibu na Kumi, ng'ambo ya mpaka, ambako Catherine Namono, mtafiti wa Uganda, ametumia miaka mingi akijaribu kuyaelewa kwa njia ya imani na maisha ya watu hao wa msitu. Mkono wa pili ni wa wafugaji, waliokuja na ng'ombe wao na kuwachora. Wa tatu unarudi tena kwenye maumbo yasiyo mnyama wala mtu, na unahusishwa na mababu wa Wateso. Kwa hiyo ukuta ni mmoja, na watu watatu ambao pengine hawakuwahi kuketi pamoja wameshiriki kuuchora, kila mmoja akimkuta mwenzake ameshaondoka, au ameondolewa.

Na hawakugawana nafasi. Hapo ndipo niliposimama muda mrefu hadi mlinzi akaniuliza kama niko sawa. Mwamba ni mkubwa, jiwe tupu lipo, lakini mwenye ng'ombe alichora ng'ombe wake juu ya maduara. Mbona hakusogea kando?

Jibu la haraka ni dharau. Mgeni kaja, kakuta alama ya mwenyeji, kaweka yake juu, kama mgombea anayebandika bango lake usoni mwa mgombea mwingine. Nalielewa jibu hilo, limejaa kwenye kuta zetu kila miaka mitano. Lakini kuna jambo linalolipinga. Mwenye ng'ombe hakukwangua. Kukwangua si kazi ngumu, jiwe jingine linatosha. Aliacha duara liendelee kuonekana nyuma ya ng'ombe. Mtu anayetaka kufuta hafanyi hivyo. Inawezekana alichora pale hasa kwa sababu pale palikuwa pameshachorwa, kwa sababu mahali penyewe palishakuwa na nguvu na yeye alitaka ng'ombe wake waipate. Vilevile mtu akijenga kanisa mahali palipokuwa na mti wa matambiko: anaukanusha mti, na papo hapo anakubali kwamba mti ulijua kuchagua mahali.

Naegemea jibu la pili, ingawa siwezi kuapa. Ninachoweza kuapa ni kwamba picha hii haimbembelezi mtazamaji. Haisemi tulipendana. Inasema tu kwamba huyu alikuwa hapa, huyu akaja juu yake, na huyu akaja juu ya wote wawili, na ukitazama vizuri utatuona sote.

Chini ya picha, ardhini, habari ni ileile. Wanaakiolojia walichimba sakafu ya pango hilo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2024 na timu ya akina Natalie Mueller, Steven Goldstein na Emmanuel Ndiema wa Makavazi ya Kitaifa unasema watu wameishi pale tangu miaka kama 9,000 iliyopita. Walikuta punje za kunde zilizoungua, zenye umri wa takriban miaka 2,300. Juu yake, katika nyakati za baadaye, mtama na wimbi. Walikuta hata punje ya njegere. Utafiti mwingine, wa vinasaba, uliotoka mwaka 2020, ulipima mifupa ya watu waliozikwa hapo katika vipindi vilivyopishana mamia na maelfu ya miaka, na ukaonyesha kwamba hawakuwa ukoo mmoja. Walipishana pangoni kama wapangaji. Lakini mimi nilishikwa na zile kunde. Nyumbani kwetu kunde ni mboga ya Jumanne, mtoto anaikunjia uso. Sijui kama nitaweza tena kuikunjia uso.

Kuna tabaka la nne, ambalo sasa halipo. Wageni waliwahi kuandika majina yao juu ya picha za Kakapel, fulani alikuwa hapa, fulani anampenda fulani, na wahifadhi wakalazimika kuyaondoa. Nilipopata habari hiyo nilifurahi, halafu nikajikuta naulizana na nafsi yangu. Si hata wale wa ng'ombe walikuwa wageni walioandika juu ya kazi ya watu? Tunamwita wa kwanza mchoraji, wa pili mchoraji, wa tatu mchoraji, na wa nne mhuni. Nani alifunga mlango baada ya wa tatu?

Swali hili si la mchezo. Kondoa, Tanzania, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, limekuwa ugomvi wa kweli: wenyeji wanaendelea kufanya matambiko kwenye baadhi ya mapango, na pombe inayorushwa ukutani kwa heshima ya wazee ndiyo hiyohiyo mhifadhi anaiona kama uharibifu wa picha. Mimi ninavyoona, tofauti kati ya mchoraji wa ng'ombe na kijana aliyeandika jina lake ni kwamba wa kwanza alichora kitu ambacho angekuja kukitegemea: ng'ombe wake, mvua yake, watu wake. Wa pili alikuwa anapita. Lakini nakiri mstari ni mwembamba. Na shirika lenye ndoo za rangi na mradi wa miezi mitatu liko upande gani wa mstari huo, hilo sikulijibu.

Nilirudi na matope kwenye viatu, nikafungua tena rasimu.

Safu ile ya watu waliovaa mavazi yao ya asili tunaijua vizuri sana, ndiyo maana haituumizi. Ndiyo ngoma za sikukuu za kitaifa, kila jamii dakika tano mbele ya mgeni rasmi. Ndiyo kalenda ya benki. Na kabla ya hapo, wakoloni walikuwa na yao: akina mama wa kizungu wa East Africa Women's League walitarizi vitambaa vya historia ya walowezi, wilaya moja baada ya nyingine, mikono mingi kwa kila kitambaa, vikatundikwa katika majengo ya Bunge Nairobi. Ilikuwa kazi ya pamoja, ya mapenzi, ya kusherehekea nchi. Walichokisherehekea ni makao waliyojipatia. Sindano ilikuwa nzuri. Lakini ukiangalia kutoka huku mlimani, ambako ardhi ya Trans Nzoia ilikuwa malisho ya watu kabla haijagawiwa kuwa mashamba ya walowezi, unajua kitambaa kilianza kusimulia kikiwa kimechelewa. Kazi ya pamoja haiwi ya kweli kwa sababu tu ni ya pamoja. Lazima uulize waliokutana ni kina nani.

Angalia pango kwenye rasimu yetu. Ni la tembo. Joseph Thomson, Mskoti, alipofika huku mwaka 1883 alikuta watu wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao, akaduwaa, akaandika. Hao walikuwa Wakony, na wengi wetu hapa tunahesabu ukoo kutoka kwao. Kwenye mchoro pango limerudishwa kwa mnyama, na mwanadamu amesimama nje, amevaa vizuri.

Angalia pia umbali kati ya mzee wa Kisabaoti na kijana wa Kibukusu. Rangi ya nyuma inabadilika kati yao, kijani hadi chungwa, kana kwamba kuna mpaka wa kaunti. Sasa uliza Mbukusu yeyote mwenye umri tohara yao ilirudije, atakusimulia habari za Mango, aliyemuua joka lililowamaliza watu, kisha akatahiriwa kwa desturi ya majirani wa Kikalenjin, ambao Wabukusu huwaita Barwa. Maana yake ni kwamba jambo linalomfanya kijana yule kuwa Mbukusu kamili, Agosti ya kila mwaka usiogawanyika vibaya kwa mbili, linasimuliwa na Wabukusu wenyewe kama kitu kilichopita mikononi mwa jirani. Hiyo ndiyo ng'ombe juu ya duara. Simulizi lenyewe lina tabaka ndani yake, lina hofu ya joka, lina jirani mwenye kisu, halafu mchoro umewasimamisha wawili hao mita mbili mbali wakitabasamia barabara.

Lakini hata hayo yote ningeyavumilia, ningeandika maneno yangu mia moja na hamsini, ningelipwa. Kilichonishinda ni masikio.

Mzee wa Kisabaoti kwenye rasimu ana masikio ya zamani, yaliyotobolewa na kuvutwa hadi yakaning'inia, na mapambo ndani yake. Mchoraji ameyatendea haki. Ndiyo sehemu iliyochorwa kwa upole kuliko zote. Mwanga unaangukia pale.

Nilikuwa na miaka saba wakati yale mambo yalipoanza. Kwa msomaji wa mbali: mwaka 1968 serikali iliigeuza Chepkitale, nyanda za juu za mlima, kuwa hifadhi ya wanyama, na kuanzia 1971 ikaanza kuwahamishia watu Chepyuk. Ugawaji wa mashamba ya Chepyuk ukaenda kwa awamu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila awamu ikiwapa ardhi watu ambao awamu nyingine iliwanyima. Juu ya awamu ya tatu ndipo kundi la SLDF lilipozuka mwaka 2006. Watu waliuawa, wakatozwa kodi, wakakatwa masikio. Machi 2008 jeshi likaja na Operesheni Okoa Maisha, wanaume wakakusanywa kwa maelfu, wengine hawakurudi. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai mwaka huohuo iliwalaumu wote wawili, kundi na askari. Na suala la Chepkitale lenyewe lilichukua hadi 2022, ambapo mahakama ya mazingira na ardhi Bungoma iliamua kwamba ardhi ile ni ya Waogiek.

Baba yangu mdogo huvaa kofia ya sufi. Huivaa Januari kwenye jua kali, huivaa mezani, huivaa kanisani, na hakuna padri aliyewahi kumwambia aivue. Sitasema ni nani waliokuja usiku huo. Yeye mwenyewe hasemi.

Nilimwonyesha rasimu. Sikumwambia chochote, nilimpa simu tu, nikamwambia, "Baba, tazama, watachora hii pale barabarani." Aliikuza kwa vidole viwili, polepole, akapita kila uso. Alipofika kwa mzee wa Kisabaoti alikaa. Kisha akanirudishia simu.

"Masikio ameyatoa vizuri," akasema. Akaulizia kama nimefunga kuku.

Sasa mtu ataniuliza, na mchoraji aliniuliza: ulitaka tuchore nini? Damu? Watoto wanapita hapo kila asubuhi wakienda shule. Ni swali la haki na sitaki kulipuuza. Kuna mwandishi wa kuta ninayemheshimu, Solomon Muyundo wa Kibera, anayejiita Solo 7. Wakati nchi inawaka baada ya uchaguzi wa 2007, alizunguka mtaani akiandika maneno ya amani kwenye mabati, kwenye milango, kwenye vichochoro. Hakuchora maiti yeyote. Lakini maneno yake yaliandikwa moto ukiwa bado unafuka, na kila aliyeyasoma alijua yanajibu nini. Neno "amani" likiandikwa miaka kumi na minane baadaye, na mtu asiyetaja vita vyovyote, linakuwa neno lingine.

Na kuna Elimo Njau, Mtanzania, aliyechora picha tano kubwa katika kanisa kuu la Murang'a mwaka 1959. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau, na alipokuwa akichora Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa. Hebu fikiria uzito wa kazi hiyo: kila anayeingia ana ndugu upande huu au ule, pengine pande zote mbili. Njau alichora maisha ya Yesu, Yesu Mwafrika, katika migongo na mabonde ya Murang'a yenyewe. Angeweza kuishia kwenye kuzaliwa na ubatizo, watu wangeimba wakaenda nyumbani. Alichora pia Gethsemane na msalaba. Hakuna anayetajwa jina, na hakuna mtoto aliyeharibika kwa kutazama. Lakini mtu aliyefiwa akiketi kwenye benchi lile ana mahali pa kuweka macho.

Hicho ndicho nilichokosa kwenye ukuta wetu. Baba mdogo ana mahali pa kusifia uchoraji. Hana mahali pa kuweka macho.

Nilimpigia mchoraji, tukakutana ukutani kwenyewe, jioni. Nilikuwa nimejiandaa kama wakili. Nilimwambia kuhusu Kakapel, nikamwonyesha picha nilizopiga, nikamweleza kwamba angeweza kuwaacha watu wake wote, hata tembo, ila awapishanishe. Maduara mekundu yaanze chini kabisa, ukuta mzima, na kila kinachofuata kipite juu yake bila kukificha. Ngombe wapite juu ya maduara, ua la shamba la mlowezi likate ng'ombe, chai imee juu ya ua. Kijana wa jando akitoka pangoni mwa Wakony. Na mzee wa Kisabaoti atutazame kwa upande mmoja tu wa uso, sikio moja lionekane, lingine lisionekane, bila maelezo. Anayejua atajua.

Alinisikiliza vizuri. Ni mtu mpole, na kusema kweli alikuwa amechoka, alitoka kumalizia bango la kinyozi. Kwenye sikio alinyamaza. Kisha akasema, "Hilo la mzee naweza. Silazimiki kuuliza mtu." Akatoa ufunguo mfukoni, akakwangua ukuta kidogo. Chini ya chokaa nyeupe kulikuwa na bluu, tangazo la zamani la simu. Akakwangua zaidi. Chini ya bluu kulikuwa na herufi nyekundu, nusu ya jina la mwanasiasa ambaye hata mimi nilimsahau.

"Unaona hii?" akasema. "Ni rangi ya mafuta. Yangu niliyopewa ni ya maji. Ya maji haishiki juu ya mafuta, mwaka mmoja inabanduka yote. Hapa lazima nikwangue hadi kwa saruji kabla sijaanza."

Nilimuuliza hiyo kazi ya kukwangua itachukua siku ngapi. Akaupima ukuta kwa macho, mwanzo hadi mwisho, akasema nne, kama wale vijana kumi watatokea. Akaniuliza na mimi, maneno yangu yatakuwa tayari lini.